Nafasi ya Kupanda Jukwaani: Mwongozo kwa Wanaotuma Mada na Wanaozichagua

Mwongozo huu ni kwa wahandisi wa programu, wasimamizi wa mitandao, wachambuzi wa data na wataalamu wengine wa tehama wanaotuma mada kwenye makongamano na kurudishiwa barua ya mistari miwili. Unawahusu pia wanaokaa upande wa pili wa meza, yaani kamati za uteuzi. Mara nyingi hao ni watu walewale, mwaka huu waombaji na mwaka unaofuata waamuzi.

Malalamiko yanajulikana. Mtu anakesha akiandika mada, anaambiwa kwamba ushindani ulikuwa mkubwa, kisha ratiba inatoka na majina ni ya mwaka jana, akiongezwa meneja masoko wa kampuni iliyolipia chakula cha mchana. Hasira hiyo ina haki yake, ila huangukia kamati iliyosoma mada, ilhali sehemu kubwa ya jukwaa huwa imeshagawanywa kabla kamati hiyo haijafungua mada ya kwanza. Anayetaka kuzungumza, na hata anayetaka kulalamika kwa hoja, aanze kwa kujua mgawanyo huo unavyofanyika.

Jukwaa linavyogawanywa

Njia ya kwanza ya kupanda jukwaani ni mwaliko wa heshima. Mzungumzaji wa mada kuu hashindani na mtu, kwa kuwa jina lake ndilo linalouza tiketi. Njia ya pili ni udhamini. Ukumbi, chakula, vyombo vya sauti na intaneti inayohimili mamia ya watu kwa pamoja ni gharama ambazo kiingilio peke yake hakizibebi, hasa pale waandaaji wanapotaka wanafunzi nao waingie. Mdhamini huuziwa kifurushi, na ndani yake, pamoja na meza ya maonyesho na nembo kwenye fulana, mna dakika za kuzungumza. Njia ya tatu ni kujulikana: mjumbe wa kamati aliwahi kumsikia mtu akizungumza vizuri mahali fulani, anampigia simu. Njia ya nne ni mwito wa mada, nayo ndiyo pekee iliyo wazi kwa mtu asiyejulikana na yeyote.

Kwetu kuna na ya tano, isiyoandikwa kwenye tangazo lolote: mgeni rasmi. Ameandikwa saa tatu asubuhi, anafika saa tano, itifaki inazingatiwa, salamu za wadhamini zinasomwa, picha ya pamoja inapigwa kwa makundi, na ikifika saa saba ratiba imebanwa. Kinachokatwa siku hiyo hakiwi hotuba. Hukatwa mada ya kitaalamu iliyopewa dakika 40, ikabaki na 15. Aliyekatwa hana wa kumlaumu, kwa sababu hakuna mtu aliyekaa akaamua hivyo.

Kuuza nafasi kwa mdhamini si kosa, mradi ieleweke kwamba imeuzwa. KubeCon, kongamano kubwa la wanaoendesha mifumo ya Kubernetes, huandika kwenye ratiba yake kwamba mada fulani ya ukumbi mkuu imedhaminiwa. PyCon ya Marekani, kongamano la wanaotumia lugha ya Python, huwatengea wadhamini mfululizo wa vikao vyao, mbali na mada zilizochaguliwa na kamati. Msikilizaji anajua anachoketi kusikiliza. Kinachowaudhi watu ni tangazo la biashara kuvishwa joho la mada iliyoshinda kwa ubora.

Kwa hiyo, kabla hujaandika neno, fungua ratiba ya kongamano hilo ya mwaka uliopita. Weka alama kwenye kila jina linalotoka kwenye kampuni iliyo katika orodha ya wadhamini. Weka alama nyingine kwa waliokuwa jukwaani pia mwaka uliotangulia. Waliobaki bila alama ndio kipimo cha mlango ulio wazi. Kisha waandikie waandaaji. Barua haihitaji maneno mengi:

"Kwa kamati ya maandalizi. Ninakusudia kutuma mada kwenye kongamano lenu. Naomba kufahamishwa ni nafasi ngapi, kati ya zote za kuzungumza, zitajazwa kupitia mwito wa mada; kama majina ya waombaji yatafichwa wakati wa kupima; na kama mtoa mada atagharamiwa nauli na malazi, au atatakiwa kulipa kiingilio. Natanguliza shukrani."

Waandaaji makini hujibu, hata kama jibu halipendezi. Ukiambiwa kwamba nafasi za wazi ni 6 kati ya 30, umepata taarifa yenye faida: unaweza kutuma ukiwa umejiandaa kwa lolote, au ukapeleka nguvu zako kwingine. Wasiojibu kabisa nao wamekupa taarifa ya namna yake.

Yanayotokea ndani ya kamati

Wajumbe wa kamati nyingi ni watu wa kujitolea. Wanasoma usiku baada ya kazi, mada moja baada ya nyingine, na kuipa kila moja alama, aghalabu 1 hadi 5. Dakika chache kwa kila mada ndicho kipimo cha kawaida pale zinapofika mamia. Baada ya kujumlisha alama huja hatua ya kupanga ratiba, na hapo ndipo mada nzuri nyingi hufia. Kama mada kumi bora zote zinahusu akili unde, kamati itachukua mbili au tatu na kuziacha zilizobaki, kisha itapandisha mada ya hifadhidata iliyopata alama ndogo kidogo ili programu isiwe ya upande mmoja. Aliyeachwa ataambiwa ushindani ulikuwa mkubwa, na safari hii itakuwa kweli tupu.

Je, kamati nyingine ingeamua vilevile? Swali hilo lilipimwa mwaka 2014 na waandaaji wa NeurIPS, kongamano la utafiti wa mashine zinazojifunza, ambalo mwaka huo lilifanyika Montreal likiitwa bado NIPS. Walichukua makala 166 na kuzipeleka kwa kamati mbili zisizowasiliana. Kamati hizo zilitofautiana kwenye makala 43, takribani robo. Robo inaweza kuonekana ndogo hadi ukumbuke kwamba makala nyingi hukataliwa, na katika kukataa ni rahisi kukubaliana. Ukiziangalia zile zilizokubaliwa tu, zaidi ya nusu ya makala zilizopitishwa na kamati moja zilikataliwa na kamati ya pili. Jaribio lilirudiwa mwaka 2021, kongamano likiwa limekua mara kadhaa, na picha ikabaki karibu ileile.

Na hao walikuwa watafiti wakisoma makala kamili zenye hesabu na majedwali. Kamati ya kongamano la kawaida inasoma aya mbili za muhtasari, na sioni sababu ya kuamini kwamba yenyewe ina jicho kali zaidi. Mtaalamu aliyekataliwa mara moja, basi, hajapimwa vya kutosha. Mada ileile inastahili kutumwa kwenye makongamano matatu au manne, ikinolewa kidogo kila mara, kabla ya kuhukumiwa kuwa haifai. Wengi huitupa baada ya barua ya kwanza.

Upande wa jina pia umepimwa. Mwaka 2017 kongamano la WSDM, linalohusu utafutaji na uchimbaji wa data kwenye wavuti, liligawa wapimaji wake makundi mawili: wengine waliona majina na taasisi za waandishi, wengine hawakuyaona. Kila makala ilisomwa na wapimaji wa makundi yote mawili. Walioona majina walielekea zaidi kupendekeza makala za waandishi mashuhuri, za vyuo vikuu vinavyoongoza na za kampuni kubwa, kuliko wenzao waliosoma makala hizohizo bila majina. Mhandisi wa Mwanza au Kisumu anayehisi kwamba anwani yake imempunguzia alama ana pa kusimamia.

Kuficha majina, na mipaka yake

Kutokana na ushahidi wa namna hiyo, kamati nyingi zimekimbilia kuficha majina, na wapo wanaodhani kazi imeishia hapo. Haijaisha, na mifano ipo.

Mwaka 2012 waandaaji wa JSConf EU ya Berlin walificha majina wakati wa kupima, na mwishowe robo ya watoa mada wakawa wanawake, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa makongamano ya programu wakati huo. Mwaka 2017 GitHub nayo ilificha majina katika kuchagua watoa mada wa ElectronConf, na majina yalipofunuliwa, wote wakawa wanaume. Kongamano likaahirishwa. Njia moja, matokeo yanayopishana mbali. Tofauti kubwa iko kwenye yaliyofanyika kabla ya kupima: kule Berlin waandaaji walikuwa wametafuta wanawake na kuwahimiza watume mada. Kamati inayoficha majina huwatendea haki wale waliokwisha kutuma. Kwa ambaye hakuwahi kuuona mwito, au aliuona akadhani hauwahusu watu kama yeye, haifanyi lolote.

PyCon ya Marekani ndiyo iliyoonyesha hili waziwazi zaidi. Kwa takwimu za waandaaji wake, mada zilizotolewa na wanawake zilikuwa asilimia 1 mwaka 2011, zikafika asilimia 15 mwaka 2013 na asilimia 40 mwaka 2016. Hakukuwa na muujiza. Watu walikaa wakaandikia wataalamu wanawake mmoja mmoja, wakiwaomba watume mada na kuwasaidia kuziandaa. Ni kazi ya miezi, ya barua nyingi zisizojibiwa, na haina njia ya mkato. Waliojaribu njia ya mkato wameumbuka: kongamano la DevTernity la mwaka 2023 lilifutwa muda mfupi kabla ya kufanyika, baada ya kubainika kwamba lilimtangaza mtoa mada mwanamke wa kubuni, na watoa mada halisi kuanza kujitoa.

Kuna upande mwingine wa kuficha majina usiozungumzwa sana. Mwaka 2016 LambdaConf, ya jimbo la Colorado, ilichagua mada bila kuona majina, na mmoja wa waliopita akawa mtu ambaye maandishi yake ya kisiasa yalishutumiwa kuwa ya kibaguzi. Kamati ilikataa kumwondoa, ikisema utaratibu ulikuwa wa haki. Wadhamini na baadhi ya watoa mada wakajiondoa. Msomaji anaweza kuwa upande wowote wa ugomvi ule. Kwa kamati, funzo ni la kiutendaji: amueni mapema, kwa maandishi, nini kinafuata majina yakishafunuliwa. Nani ana mamlaka ya kuondoa jina, na kwa sababu zipi? Kanuni inayotungwa mgogoro ukiwa umeshawaka huonekana imetungwa kwa ajili ya mtu.

Pendekezo la mwongozo huu ni hatua mbili. Mada zipimwe kwanza bila majina. Kisha majina yafunuliwe, na programu ipangwe huku kamati ikitazama nani amejaa kupita kiasi na nani hayupo kabisa. Mjumbe mwenye uhusiano na mwombaji, wa kazini au wa ukoo, atoke nje mada hiyo inapojadiliwa, na iandikwe kwamba alitoka.

Mada inayosomeka usiku

Kwa anayetuma, ushauri unaofuata unatokana na yote yaliyotangulia: mwandikie mtu aliyechoka ambaye hakujui. Aya ya kwanza ya muhtasari ibebe tatizo na ulichokifanya. Historia ya teknolojia na umuhimu wa mapinduzi ya kidijitali kwa bara letu viache, maana mpimaji ameshavisoma mara ishirini usiku huo.

Linganisha vichwa viwili. "Nafasi ya Akili Unde katika Kukuza Uchumi wa Kidijitali" kinaweza kuandikwa na mtu yeyote, hata asiyewahi kuandika mstari mmoja wa programu. "Malipo ya Simu Yanapoingia Mara Mbili: Tulivyozuia Mteja Kukatwa Pesa Tena" kinaweza kuandikwa tu na mtu aliyekaa na tatizo hilo, akaona ujumbe wa uthibitisho ukirudi kwa mara ya pili kwa sababu mtandao ulikatika katikati, na akatafuta namna ya kuufanya mfumo utambue kwamba muamala huo umeshaandikwa. Kichwa cha pili kinamwonyesha mpimaji kwamba kazi imefanyika. Wahandisi wa kwetu wameishi na malipo ya simu tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007, na wana uzoefu ambao wenzao wa nchi tajiri hawana. Inasikitisha kuona wengi wao wakituma mada za jumla ambazo mtu yeyote wa London angeweza kuzitoa.

Sema mada ni ya nani, na msikilizaji ataondoka akiweza kufanya nini. Usitaje mafanikio tu. Eleza pia kilichoharibika, kwa sababu wasikilizaji wa kitaalamu huamini zaidi hadithi yenye kasoro. Kama majina yanafichwa, usitaje jina lako wala la mwajiri ndani ya muhtasari, kwani makongamano mengine huondoa mada kwa kosa hilo pekee. Na upate ruhusa ya mwajiri kwa maandishi kabla ya kutuma. Kuna mada zilizokubaliwa zikaja kufutwa na idara ya sheria ya kampuni ya mtoa mada mwenyewe, na kamati haisahau jina la mtu aliyejitoa wiki moja kabla.

Neno kuhusu lugha. Makongamano mengi ya Dar es Salaam na Nairobi hutoa mwito kwa Kiingereza bila kusema kama mada ya Kiswahili inapokelewa. Uliza. Ukumbi uliojaa mafundi wanaojadiliana kwa Kiswahili wakati wa chai hauna sababu ya kunyamazishwa wakati wa maswali.

Nauli, kiingilio na viza

Uteuzi hauishii kwenye barua ya pongezi. Kwa miaka mingi PyCon ya Marekani ilishika kanuni kwamba kila mtu analipa, watoa mada na waandaaji wakiwemo, huku ikitenga mfuko wa kuwasaidia wasio na uwezo. Ni kanuni yenye mantiki yake mahali ambapo mwajiri hulipa. Kwa mtu anayejitegemea Bujumbura, kukubaliwa bila nauli ni sawa na kukataliwa, na ni kwa sababu hiyo barua ya maulizo iliyo hapo juu inataja pesa mapema, bila haya.

Viza ni kikwazo kikubwa kuliko nauli. Mwaka 2018 NeurIPS ilipofanyika tena Montreal, watafiti wengi waliotarajiwa kwenye warsha ya Black in AI, wengi wao kutoka Afrika, walinyimwa viza za Kanada. Kamati ilikuwa imewachagua, ubalozi ukawaengua. Njia mojawapo ya kutibu hali hiyo ni kuhamisha jukwaa. Deep Learning Indaba, iliyoanza Johannesburg mwaka 2017, ilikuja Nairobi mwaka 2019. ICLR, moja ya makongamano makubwa ya utafiti wa mashine zinazojifunza, ilifanyika Kigali Mei 2023, na Novemba mwaka huohuo DjangoCon Africa ya kwanza ikafanyika Zanzibar. Mtaalamu wa ukanda huu aweke mikutano ya namna hiyo juu ya orodha yake. Ushindani bado upo, lakini ameepushwa na mwamuzi mmoja asiyesoma mada.

Kwa kamati: barua ya mwaliko kwa ajili ya viza itoke siku ileile ya kukubali mada, na matokeo yatangazwe miezi mitano au zaidi kabla kwa wanaosafiri kutoka nje. Kutangaza wiki sita kabla ni kuchagua wenye pasipoti fulani, hata kama hakuna aliyekusudia hivyo.

Yanayobaki kwa kamati

Chapisheni hesabu: mada zilizopokelewa, zilizokubaliwa, zilizotoka kwa wadhamini, na watoa mada wanaozungumza kwenu kwa mara ya kwanza. Wekeni ukomo wa mada ambazo mtu mmoja anaweza kutuma. Kwenye majopo, kanuni ya KubeCon inafaa kuigwa: jopo lisiwe la wanaume watupu, wala la watu wa kampuni moja. Mgeni rasmi apewe kipindi chake baada ya chakula cha mchana au siku ya kufunga, ili akichelewa achelewe ndani ya muda wake mwenyewe. Hili litahitaji ujasiri mbele ya watu wa itifaki, na waandaaji wengine wataona ni afadhali kuendelea na desturi. Basi angalau wasimweke mtoa mada aliyesafirishwa kutoka mbali kwenye kipindi kinachofuata baada ya ufunguzi.

Barua ya kukataa iwe na sentensi moja ya kweli. "Tulipokea mada nyingi za somo hili tukachukua mbili" inatosha. "Muhtasari haukueleza mlichojenga" inasaidia zaidi.

Ukikataliwa

Omba maoni mara moja, kwa upole, baada ya kongamano kumalizika, wakati wajumbe wamepumzika. Kama una malalamiko, yaambatane na hesabu uliyoifanya kwenye ratiba. "Ni kujuana tu" haina wa kuijibu, lakini "mada 18 kati ya 24 zimetoka kwa wadhamini, na mwito haukusema hivyo" inadai maelezo. Jitolee kuwa mpimaji mwaka unaofuata. Kamati nyingi zina upungufu wa wasomaji, na atakayesoma mada mia za wenzake ataandika ya mia na moja kwa namna nyingine.

Wakati huohuo, toa mada hiyohiyo kwenye mkutano mdogo wa wanaprogramu wa mjini kwako au chuoni, na irekodiwe, kwa maana fomu nyingi huomba kiungo cha video ya mtoa mada akizungumza. Simu iliyosimamishwa kwenye kistendi inatosha, pamoja na maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kola. Fedha ikiwa haba, nunua maikrofoni kwanza, kwa sababu mpimaji atavumilia picha yenye giza lakini hatasikiliza zaidi ya nusu dakika ya sauti inayomezwa na mwangwi wa ukumbi.